Sauti Mbili za Breki Moja



Wapendwa wasomaji, sisi tunaosoma falsafa huulizwa mara nyingi, hasa na waamini wa vigango tunakofanya utume, masomo haya yanamfaa nini mtu anayejiandaa kuadhimisha Misa na kusikiliza maungamo. Swali hilo ni la haki. Safari hii tunalijibu kwa habari ya breki ya gari.

Gari la seminari yetu lina handibreki ya umeme. Katika magari ya zamani handibreki ni mkono wa chuma ulio katikati ya viti; unauvuta, nao unavuta waya hadi magurudumu ya nyuma. Katika gari letu kuna swichi ndogo tu. Ukiivuta, kompyuta inaziamuru mota mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, zisukume pistoni ili pedi zibane diski. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, na mngurumo wake mwembamba husikika ndani ya gari.

Masika yalipokwisha, mngurumo ule ulibadilika. Kila swichi ilipovutwa, gari lilitetemeka kwa nyuma kama mtu mwenye homa. Tungeegesha tambarare siku zote, pengine tusingejali sana. Lakini kigango chetu kimoja kiko mlimani, na kanisa lake limejengwa ubavuni mwa mteremko. Kila tunapokwenda, wazee wasioweza kupanda kwa miguu hupakiwa chini na kushushwa mlangoni mwa kanisa, mmoja mmoja, huku watoto wakilizunguka gari. Kwa dakika hizo zote usalama wa watu unategemea breki hiyo.

Maelezo hayakukosekana. Dereva alisema pedi zimekwisha. Jirani mmoja alishauri tuchomoe fyuzi ya breki hiyo, tuegeshe kwa gia ya P na kuweka jiwe nyuma ya tairi, kama wafanyavyo utingo wa malori. Mwenzetu mmoja alisema magari haya ndivyo yalivyo. Yeye alishalisikia likinguruma lenyewe, limezimwa na hakuna mtu ndani. Ushauri wa fyuzi ulikuwa na mvuto kuliko yote, maana ungeondoa kelele siku ileile. Lakini ungeondoa kelele pamoja na breki, na uzito wote wa gari ungebaki juu ya jiwe na kipande kidogo cha chuma ndani ya gia boksi.

Fundi tuliyempelekea hakushika spana kwanza. Alimwuliza dereva, "Mzee, linatetemeka lini?"

"Linatetemeka tu, fundi."

"Wakati wa kukaza au wa kuachia? Likiwa la moto au la baridi? Kulia au kushoto?"

Dereva alitutazama, nasi tukatazamana. "Basi mafrateri, ninyi mnajua kuandika," fundi akasema. "Chukueni daftari, mrudi baada ya wiki. Na msiliache mlimani bila vigingi."

Wanaosoma mantiki wanamfahamu John Stuart Mill, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake cha mantiki mwaka 1843. Njia yake mojawapo ya kutafuta kisababishi ni hii: tukio likitokea katika hali moja na lisitokee katika nyingine, na hali hizo mbili zikafanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, basi hicho kimoja ndicho cha kuchunguzwa. Tukafanya hivyo. Tulibadilisha jambo moja kwa wakati mmoja: tambarare, kisha mteremkoni, injini ikiwaka, kisha ikiwa imezimwa, asubuhi breki zikiwa baridi, kisha baada ya kushuka mlima zikiwa za moto. Mmoja alikaa kwenye swichi, na wawili walichuchumaa nyuma, kila mmoja na gurudumu lake, wakisikiliza. Yote yaliandikwa.

Daftari lilionyesha kwamba sauti zilikuwa mbili, ingawa sote tulikuwa tukiziita kwa jina moja. Ya kwanza ilisikika mara chache tu, dakika kadhaa baada ya kuegesha, na siku zile tu tulizoshuka mlima tukikanyaga breki kwa muda mrefu. Ilitoka pande zote mbili na ilikuwa laini. Ya pili ilisikika kila mara, kwa moto na kwa baridi, wakati wa kukaza na wa kuachia, na daima ilitoka gurudumu la kulia.

Fundi alisoma daftari, akacheka. Sauti ya kwanza ilikuwa ya afya. Diski ikipata moto hutanuka, na ikipoa husinyaa kidogo, kwa hiyo breki iliyokazwa ikiwa ya moto huweza kulegea. Baadhi ya magari yameundwa kulijua hilo. Baada ya dakika kadhaa kompyuta huziamuru mota zikaze tena, hata kama dereva ameshaondoka. Sauti ya pili ndiyo iliyokuwa ya ugonjwa. Aliweka vigingi, akatumia mashine yake kuzirudisha mota nyuma, kwa sababu pistoni ya breki za aina hii haisukumwi kwa nguvu, kisha akafungua gurudumu la kulia. Mpira unaokinga pini ya chini ulikuwa umechanika, tope la masika likaingia, pini ikashika kutu. Kibanio kinachopaswa kuteleza sawasawa juu ya pini mbili kilikuwa kikienda upande, na pedi zimelika kishoroba. Mota iliyokuwa ikitetemeka ilikuwa nzima kabisa. Taa ya hatari kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka, kwa kuwa mota ilikuwa bado inafika mwisho wa kazi yake, na kompyuta haina jicho la kuona mpira uliochanika.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tunaweza kuthibitisha kisababishi kwa kuanzia kwenye matokeo, kwa sababu matokeo ndiyo yanayofahamika kwetu kwanza. Kwa njia hiyo anatafuta hata uwepo wa Mungu. Ila safari hiyo inataka uvumilivu, na anayetaka kufika haraka huishia kwenye fyuzi.

Tunayasema haya kwa sababu sisi mafrateri tuna mitetemo yetu. Kila mwaka wa masomo, wito wa mmoja wetu hutikisika. Wengine husema, "Ondoka, huna wito." Wengine husema, "Ni kawaida, puuza." Wengine huizima sauti kwa simu, kwa mpira au kwa kazi nyingi. Lakini moyo unaotikisika huweza kuwa moyo unaokaza tena ulichokishika baada ya joto la mwanzo kupoa. Na huweza pia kuwa na kitu kilichoshika kutu mahali pasipoonekana. Kwa kusikia mtetemo tu, mtu hawezi kujua ni upi. Akiamua kabla ya kujua, anaweza kuuacha wito wa kweli, au kupokea daraja takatifu huku amebeba jeraha ambalo waamini ndio watakaoumia nalo.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anaagiza mtu aweke alama kila anapoanguka katika kasoro moja aliyoichagua, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Anaagiza pia kutazama mwanzo, katikati na mwisho wa mawazo yanayotujia. Hilo ni daftari la fundi, karne tatu kabla ya Mill.

Nanyi waamini, mnapochunguza dhamiri jioni au kabla ya kitubio, msiishie kwenye "nina hasira" au "sali yangu ni kavu." Ulizeni: lini? Baada ya nini? Nikiwa na nani? Mzazi anayewafokea watoto kila tarehe za mwisho wa mwezi huenda ana hofu ya kodi na ada kuliko hasira, na hofu ina dawa nyingine. Mpelekeeni padre muungamishi jibu hilo, nasi tutampelekea mlezi wa kiroho la kwetu.

Tuombeane.