Nani Alimfundisha Mwalimu?



Wapendwa waamini, kila tarehe 22 Novemba Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, na siku hiyo kwaya zetu hupokea pongezi zao. Juma hili tungependa tuwatafakari wale wanaosimama mbele ya kwaya, yaani walimu wa muziki. Tutaanzia mbali kidogo, kwa walimu wa jazi katika vyuo vikuu, kwa kuwa historia yao ina fundisho kwetu sisi wa Usinge.

Neno hilo si geni hapa kwetu. Wazee waliokuwa vijana miaka ya 1960 na 1970 hawahitaji kuelezwa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz wala Kiko Kids. Wanajua pia kwamba Western Jazz, ijapokuwa makao yake yalikuwa Dar es Salaam, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi la enzi zile. Muziki wa bendi hizo ulikuwa dansi, wenye undugu na rumba ya Kuba na ya Kongo kuliko jazi ya Marekani. Hata hivyo vijana wale walijiita Jazz kwa fahari, kwa maana jina hilo lilitangaza usasa na umahiri.

Marekani kwenyewe mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1947 chuo cha ualimu cha North Texas, mjini Denton, kilianza kutoa shahada ya jazi, ya kwanza ya aina yake. Lakini neno jazi lilinuka vilabu vya pombe, na kwa sababu hiyo shahada ile ikaitwa ya bendi ya dansi. Tazameni basi: Tabora waliopiga dansi waliiita jazi ili kuipa hadhi, Denton waliofundisha jazi waliiita dansi ili kusitiri aibu. Tena palikuwa na jambo zito kuliko jina. Jazi ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, vizazi vya waliokuwa watumwa, na mwaka ule chuo kile hakikuwa kikipokea wanafunzi weusi. Muziki uliingia darasani, wenyewe wakaachwa nje.

Kutoka hapo likazaliwa swali ambalo vyuo vingi vimelazimika kulijibu: ni nani anayestahili kuifundisha jazi? Chuo kikuu hudai cheti. Lakini magwiji wa jazi walijifunza majumbani, makanisani na katika kumbi za dansi, kwa kumsikiliza aliyetangulia na kumfuatisha. Mwenye cheti mara nyingi hakuwa na muziki, na mwenye muziki hakuwa na cheti.

Jibu mojawapo tunaliona katika maisha ya Mary Lou Williams, mpiga piano aliyezaliwa Atlanta mwaka 1910. Angali mtoto mdogo sana, mama yake alimpakata mbele ya kinanda, naye akayarudia kwa vidole vyake aliyoyasikia. Mama huyo hakutaka mwanawe apelekwe kwa mwalimu. Yeye mwenyewe alikuwa amefundishwa kusoma nota hata akashindwa kupiga pasipo karatasi, akaogopa binti yake asije akapatwa na hayo. Miaka ya 1940 nyumba ya Mary Lou huko Harlem, New York, ikawa kama shule isiyo na kibao mlangoni. Vijana kama Thelonious Monk na Bud Powell walikutana hapo, wakapiga, wakasahihishana.

Mwaka 1954, akiwa Paris, aliiacha kazi ya jukwaani. Aliporejea Marekani alijitoa kwa sala na kuwahudumia wanamuziki walioharibiwa na madawa ya kulevya, na mwaka 1957 alibatizwa katika Kanisa Katoliki. Mapadre waliomfahamu walimhimiza airudie piano yake, akaitii sauti hiyo. Alitunga Misa kwa mtindo wa jazi, na mwaka 1975 ikaadhimishwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Duke, ambacho kilipokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza kuanzia mwaka 1963 tu, kilimwita akafundishe. Mwanamke huyo mweusi, asiyekuwa na shahada ya kusomea, alifundisha historia ya jazi hapo hadi alipofariki mwaka 1981, akisaidiana na Padre Peter O'Brien, Mjesuiti. Alikuwa na mchoro wa mti ulioeleza somo lake lote: mizizini paliandikwa mateso, na shina likapanda kupitia nyimbo za kiroho za watumwa hadi mitindo ya baadaye. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuchuma tunda pasipo kuujua mzizi.

Barani Afrika, Darius Brubeck alianzisha masomo ya shahada ya jazi katika Chuo Kikuu cha Natal, Durban, mwaka 1983, wakati ubaguzi wa rangi ungali sheria ya nchi. Miongoni mwa waliosoma hapo ni mpiga saksafoni Zim Ngqawana. Na hapa nchini, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilimweka darasani Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Ilimba na zeze alijifunza kwao Ugogoni, kabla hayajawa masomo ya chuo.

Bagamoyo ndiko ilikokoma njia ya misafara. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani walikwenda wakiimba, na mbele yao alitangulia kirangozi na ngoma yake. Huyo naye alikuwa mwalimu. Aliyebeba mzigo kwa mara ya kwanza alijifunza wimbo njiani, kwa kuitikia.

Tunayasema haya kwa sababu mzazi mmoja, mkulima wa tumbaku katika eneo letu, alituletea swali. Binti yake amemaliza kidato cha sita, anapiga kinanda kanisani, na anataka kusomea muziki chuo kikuu. "Baba Paroko," akasema, "fedha yenyewe ni ya msimu mmoja, na nyuma yake wapo wengine watatu. Niitoe ili mtoto akasomee kuimba?"

Hatukumcheka, wala hatukumficha kwamba ajira ya muziki haina uhakika. Tulimshauri aulize mambo matatu: kama kozi ile inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu; kama binti ana moyo wa kufundisha wengine, kwa kuwa wengi waliosomea muziki hula kwa kufundisha; na kama yupo tayari kurudi kwa wazee wanaojua nyimbo za hapa, maana sikio na mizizi havitolewi na chuo. Chuo kitampa kusoma na kuandika nota, historia, na njia ya kuhifadhi nyimbo zisife pamoja na waimbaji wake. Hilo si dogo. Uamuzi ni wao, nasi tunawaombea. Tunaloomba ni kwamba asikataliwe kwa hoja kuwa muziki ni kazi ya wahuni. Hoja hiyo ilitumika Denton, na historia imekwisha kuihukumu.

Kwa wengine wote, ombi letu ni jepesi zaidi. Mwalimu wa kwaya anayeendesha baiskeli kutoka kigango hadi kigango hana cheti, na mara nyingi hana hata nauli. Mabaraza ya vigango yaweke fungu dogo kwa ajili yake. Vijana wenye simu wazirekodi nyimbo alizotunga, na jina lake liandikwe pamoja nazo. Siku mmoja wa watoto wetu atakaposimama kufundisha katika chuo kikuu, wanafunzi watauliza nani alimfundisha mwalimu. Na awe na jina la kuwatajia.