Pakiti nilizoacha kufunga

Nauza viungo Soko la Chifu Kingalu, Morogoro mjini: mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga za kwetu Matombo, mashariki ya milima ya Uluguru. Lakini kilichonilipa kuliko vyote hakikuwa cha pilau. Zilikuwa pakiti ndogo za manjano yaliyochanganywa na pilipili manga, nimeziandika kwa mkono wangu: "Huua seli za saratani."

Sikujiona mwongo. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kurkumini, ile rangi yenyewe ya manjano, imeua seli za saratani ya mapafu maabarani. Seli iliyoharibika hutakiwa ijiue. Ya saratani hugoma, na kurkumini huilazimisha. Pilipili niliitia kwa sababu mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kuwa piperini yake hupandisha kurkumini mwilini kwa asilimia 2,000. Nikajipa ufamasia.

Akaugua mjomba. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye ukoo na ardhi, na huyu ndiye aliyenilea. Alikuwa mtu wa dawa zote. Hata kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo alikifuata mwaka 2011, shilingi 500. Safari hii alikohoa, akanyweshwa dawa za TB miezi sita katika kituo kimoja cha afya, na makohozi hayakuwahi kuonyesha TB. Tulipofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, saratani ya mapafu ilikuwa imeshatambaa.

Alipoanza dripu za dawa ya saratani, mimi nilikuwa namkorogea unga wangu kwenye uji, kwa siri. Daktari akaona kikombe cha njano. Nikajieleza, tena kwa majivuno. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye kisahani cha maabara hata mafuta ya taa yataua seli," akasema. "Kazi ni kuziua ndani ya mtu, na mtu abaki."

Kurkumini, kumbe, ni kama asilimia 3 tu ya manjano, na sehemu kubwa huishia chooni. Kilichomtisha yeye ni pilipili. Piperini hulishika ini mkono lisiivunje kurkumini haraka, na ini hilohilo ndilo linalovunja dawa nyingi za saratani. Likizuiwa, dozi aliyoipima yeye haijulikani tena ni dozi gani.

Nilitamani sakafu inimeze.

Mjomba akauliza, "Kwa hiyo mimea yetu haina kitu?"

"Inacho, mzee wangu. Mnakijua kile kiua cha rangi ya waridi kinachoota chenyewe uani na makaburini?"

Vinka. Asili yake Madagaska. Mwaka 1958 wanasayansi wa Kanada walitangaza kupata vinblastini kwenye majani yake. Baadaye Wafaransa wakaigeuza kidogo wakapata vinorelbini, dawa ya saratani ya mapafu iliyoidhinishwa kwao mwaka 1989. Hunasa nyuzi ambazo seli hutumia kujigawa. Seli ikikwama katikati, hujiua.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Mpwa wangu, tumelalia dawa! Turudi tukachemshe."

"Mkichemsha mtakunywa sumu," daktari akamkatiza. Mamia ya kilo za majani hutoa gramu moja hivi ya dawa, na gramu hiyo hupimwa kwa miligramu, huku damu ya mgonjwa ikiangaliwa chembe nyeupe zisije zikaisha.

Mjomba alifariki miezi saba baadaye, nyumbani Matombo. Unga wangu ulichangia au haukuchangia? Nimeshindwa kujijibu.

Pakiti zile sifungi tena. Wiki ya kwanza alikuja dada mmoja, mumewe anaumwa, akaziulizia. Nikamwambia hakuna, nikaanza kumweleza. Hakungoja, akaenda meza ya jirani.

Manjano bado ninayo, ya mchuzi na pilau. Na wewe mwenye mgonjwa anayekohoa miezi, makohozi yasiyoonyesha TB: omba apigwe picha ya kifua, apimwe pia saratani. Kama yuko kwenye dripu na kuna unga unamkorogea, mwonyeshe daktari wake leo.