Gari Inapochemsha, Nani wa Kulaumiwa?

Ndugu msomaji, gari kongwe ya abiria ikitoa mvuke njiani, wengi wetu kwanza humtazama dereva kwa jicho baya. Mjomba wangu anayo Hiace ya dizeli iendayo Makunduchi. Iliposhika kuchemsha, alimhukumu dereva wake papo hapo kuwa haangalii maji, akamkata ujira wa siku sita. Kijana yule ana watoto watatu. Nami niliyekaa gereji miaka mingi sikuridhika, nikaomba nipewe gari siku moja.

Kwanza uliza: inachemsha wakati gani? Ikiwa ni pale isimamapo Darajani ikingoja abiria, shuku feni au mkanda wake, kwani gari iliyosimama haina upepo mwingine. Ikiwa ni wakati wa kukimbia na mzigo, shuku rejeta. Maji yakipungua bila ya tone kuonekana chini, tena mapovu yakapanda kwenye rejeta injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, hapo shuku gasketi ya silinda hedi, na ujiandae kwa gharama. (Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi cha moto, hata wakikuhimiza abiria wote. Maji yaliyobanwa humo hupita digrii 100 na bado hayajachemka. Ukifungua hukurukia usoni.)

Hii ya mjomba ilitulia Darajani, ikachemsha karibu na Jozani. Nikaizima, feni iliposimama nikapapasa rejeta: hapa moto, pale baridi. Mishipa imeziba. Kwa nini? Hebu tazama birika lako jikoni. Unguja yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu yana chokaa; kila yachemkapo huacha ukoko mweupe. Dereva alikuwa akijaza maji kila kituo, kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyozidisha chokaa, kwa sababu mwenye gari hakupata kununua kulanti, ile dawa ya rejeta, hata dumu moja.

Tena fundi mmoja alikwisha kuing'oa thamostati, ati inazuia maji. Ada mbaya hii! Katika injini nyingi za Toyota, ukiitoa, njia ya pembeni hubaki wazi, na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila ya kupita kwenye rejeta. Ilitosha kuitia katika sufuria ya maji na kuyapasha moto: nyingi huanza kufunguka karibu na digrii 82. Isiyofunguka ndiyo mbovu.

Rejeta ikafunguliwa na kusuguliwa, thamostati mpya ikatiwa. Baada ya sala ya Alasiri mjomba akamwita dereva barazani, akamhesabia fedha zake za siku sita mbele ya watu wale wale waliomsikia akimtuhumu. Kijana akazipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mzee wangu," akasema. "Na ile dawa ya rejeta je, tutanunua lini?"