Safari ya Kidete: Bwawa Lisilotakiwa Kushiba

Jumapili iliyopita baada ya Misa wazee wetu walikaa chini ya mwembe wakizungumza habari za lambo la kijiji. Mmoja alitaka utoro wa maji uzibwe kwa mawe na magunia ya mchanga, ili lambo lijae zaidi na ng'ombe wapate kunywa mpaka mwisho wa kiangazi. Wengi walikubali. Mimi nilinyamaza, maana nilikumbuka Kidete. Leo naomba niwasimulie safari ile.

Mwaka 2012 nilikuwa nikisoma ualimu karibu na mji wa Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro. Mji huo uko kando ya mto Mkondoa. Ukiutazama mto huo wakati wa kiangazi, huwezi kudhani kwamba waweza kumdhuru mtu. Lakini Desemba 2009 na Januari 2010 ulifurika, ukavunja kingo zake, ukaingia mjini. Maelfu ya watu walikosa makao, wakaishi katika mahema. Hata Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilikatwa, na kwa miezi kadhaa gari moshi halikuweza kupita hapo.

Rafiki yangu wa chuoni alikuwa na babu yake huko Kidete, mzee aliyefanya kazi katika gengi la reli. Basi tulipanda gari moshi usiku, tukashuka Kidete kabla ya mapambazuko. Kulipokucha niliona jinsi nchi ilivyo. Upande wa kaskazini ni milima ya Ukaguru, na kusini ni milima ya Rubeho. Katikati mto na reli vinabanana katika bonde moja. Mvua ikinyesha Mpwapwa na nyanda za Dodoma, maji hushuka kwa njia hiyo hiyo, kisha huenda Kilosa.

Tulimwamkia mzee, naye akatupeleka kuliona bwawa. Lilikuwa bwawa la tuta la udongo, lililokusudiwa kupunguza nguvu za mafuriko. Mafuriko yenyewe yalikuwa yamelibomoa.

Nikamwuliza, "Babu, bwawa kama hili si lingejazwa maji tele, watu wapate samaki?"

Akacheka. "Mwalimu, wewe umechunga ng'ombe? Ng'ombe mia wakifika mbio zizini, nao mlango ni mwembamba, hupita mmoja mmoja. Bwawa la mafuriko ndilo mlango huo. Maji huja kwa fujo, lenyewe huyashika na kuyatoa polepole. Sasa likiwa limeshiba tangu jana, mvua ya leo italiweka wapi?"

Kisha akanieleza maadui wa tuta la udongo. Wa kwanza ni maji kupita juu yake. Ukuta wa zege huweza kuvumilia kidogo, lakini udongo humegwa, ufa hupanuka, na baada ya muda mfupi tuta limekwisha. Ndiyo sababu huwekwa utoro pembeni, maji yanayozidi yapate njia yao. Adui wa pili hukaa ndani: mashimo ya panya na mizizi ya miti iliyooza, ambayo huwa mifereji ya maji. Wa tatu ni kwato za ng'ombe zinazochimba njia juu ya tuta. Wa nne ni tope, linalojaza bwawa mwaka hata mwaka na kulipunguzia nafasi.

"Ukiona maji yakichuruzika chini ya tuta," akasema, "yatazame rangi. Yakiwa maangavu, mwite fundi aje aangalie. Yakiwa na tope, usimngoje mtu. Tuta linaliwa kwa ndani. Wapandishe watu mlimani kwanza, ndipo upeleke habari."

Maneno hayo niliyakumbuka sana usiku wa tarehe 9 Mei 2018 ulipopita, tuliposikia habari za Solai, karibu na Nakuru, nchini Kenya. Tuta la bwawa lilipasuka wakati wa mvua kubwa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Bwawa lile lilikuwa la kumwagilia mashamba, wala si la mafuriko, lakini maji yakipata ufa katika udongo hayaulizi bwawa lilijengwa kwa kazi gani.

Jioni ya Jumapili nilikwenda kwa mzee yule aliyetaka kuziba utoro, nikamweleza hayo yote. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Vema, karani. Na ng'ombe wangu watakunywa nini mwezi wa kumi?"

Swali lake ni la haki. Jibu langu ni hili: maji tusiyatafute kwa kupandisha juu, tuyatafute kwa kuchimba chini. Lambo letu limejaa tope. Kila nyumba ikitoa mtu mmoja mwenye jembe maji yakipungua, lambo litapata kina, na utoro utabaki wazi. Tope lenyewe tulipeleke mashambani. Tena ng'ombe wanywe kwa upande mmoja, mbali na tuta.

Mzee hakunijibu. Lakini jana nilipopita lamboni, nilimkuta kijana wake akifyeka vichaka vilivyoota juu ya tuta. Chini ya lambo hilo kuna nyumba kumi na nne, na mojawapo ni ya binti yake.