Kiu ya Mama

"Mama siku hizi anakataa maji," mdogo wangu aliniambia kwenye simu. Nami kutoka Dar es Salaam nikajibu kama bosi: "Mlazimishe." Nikatuma hela ya matumizi, nikaendelea na shughuli zangu, roho kwatu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu kiharusi kimpoozeshe Mama upande wa kushoto. Mdogo wangu alifunga genge lake la mboga pale Muheza, akahamishia godoro chumbani kwa mgonjwa. Sisi wanne tuliobaki tukawa watu wa kutuma hela na kuuliza hali ya mgonjwa. Anayemuuguza analalaje, hilo halikuulizwa.

Niliposhuka Muheza nilikuta kidonda chini ya kiuno cha Mama, upana wake kama kizibo cha soda. Nikafoka. Muuguzi si alisema ageuzwe kila baada ya saa mbili? Mdogo wangu hakunijibu. Alikuwa amesinzia hapohapo alipoketi, bakuli la uji mapajani.

Usiku huo nikasema nitamlinda mimi. Saa nne nilimgeuza vizuri, saa sita vizuri kiasi. Saa nane nilimvuta tu, ngozi ikasuguana na shuka, na msuguano huo ndio unaochuna. Saa kumi sikuamka kabisa. Asubuhi nikamnywesha uji kwa pupa, akiwa amejilaza nusu, ili nimalize nikapumzike; akapaliwa mpaka machozi yakamtoka. Uji ukikosea njia huishia mapafuni, na nimonia haimhurumii mtu wa kiharusi. Hayo yote niliyafanya kwa usiku mmoja, tena nikiwa mtoto anayempenda mama yake.

Nikamletea maji. Akafumba mdomo.

"Nikinywa nitakojoa, mwanangu. Na yule mtoto amechoka."

Nilikaa na kikombe mkononi muda mrefu. Kumbe Mama alikuwa akiusoma uchovu wa binti yake kila siku, kwenye mikono iliyokuwa ikimgeuza, na akaamua kumpunguzia mzigo kwa kiu yake mwenyewe. Mzee asipokunywa, mkojo hukolea, njia ya mkojo hushambuliwa kwa urahisi, choo huwa kigumu, na akili inaweza kuvurugika ghafla. Wiki mbili kabla, Mama alikuwa akimwita mdogo wangu kwa majina ya marehemu. Sisi wa mbali tukasema ni uzee.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitegemea familia kuwa ndiyo mtunzaji mkuu wa mzee. Sawa. Kwetu, familia hiyo ilikuwa mtu mmoja, na hela zetu zilimnunulia Mama dawa na nepi bila kumnunulia mdogo wangu hata usiku mmoja wa usingizi.

Tulipangana zamu, kwa mabishano mengi. Kaka yetu mmoja mpaka leo anatoa visingizio. Jumamosi ya zamu yangu ya kwanza, mdogo wangu alikwenda kwa jirani akalala tangu asubuhi mpaka magharibi. Aliporudi, Mama alimtazama usoni kwanza, kimya, kama anayekagua. Kisha akaomba maji. Akamaliza kikombe kizima, akaomba kingine.