Ngalawa ya Uani

Maji yakitoka Jambiani, ngalawa hulala mchangani: gogo la mwembe lililochongwa katikati, ndubi huku na huku. Ni trimarani hiyo, ingawa neno lenyewe lilitungwa Marekani miaka ya 1940, na wavuvi wa Unguja wala hawakuulizwa.

Baba anayepanga kujenga ya mashindano uani kwake, kwa povu gumu na faibaglasi, aitazame kwanza. Kinachoizuia isipinduke ni upana, si uzito. Na upana huohuo ndio taabu: itatokaje getini? Mikono ya ndubi lazima ifunguke.

Halafu vumbi. Faibaglasi ikipigwa msasa huwasha ngozi na kifua. Watoto watacheza wapi miezi yote hiyo? Mama ana haki ya kujibiwa kabla povu halijanunuliwa.