Shahada Kwanza au Harusi Kwanza?

Ukitaka kumuudhi mtu anayesomea sayansi ya maabara ya tiba, muulize atakuwa daktari lini. Mdogo wangu ameshaulizwa hivyo na shangazi, na majirani, na hata kondakta wa basi. Lakini swali lililomuuma kuliko yote lilitoka kwa mchumba wake: "Miaka yote hiyo kwa ajili ya kupima mikojo?"

Hapo ndipo nilipoingizwa mimi. Mdogo wangu alikuwa tayari na stashahada, anafanya kazi kama mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya wilayani Muheza, na alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada. Wakati huohuo upande wa mchumba walishaleta posa na walitaka ndoa Desemba. Shahada yenyewe, ukijumlisha na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini baada ya kuhitimu, si safari fupi. Ukoo ukagawanyika. Mama akanipigia simu Dar: "Wewe ndiye dada mkubwa, na kila mwezi unaandika mambo ya ndoa za watu. Njoo useme na hawa wa kwako."

Basi nikapanda gari mpaka Muheza, kisha lile la kupanda Amani. Kwetu ni Sigi, Usambara ya Mashariki, pale kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Wengi wakisikia Usambara wanafikiria Lushoto na masweta yake. Sigi iko chini, ni joto. Njiani unapita misaji ya Longuza, unavuka mto unaopeleka maji Tanga mjini, unakuta nyumba ya stesheni iliyobaki kutoka reli ya Wajerumani. Na mbu tunao. Malaria kwetu si habari ya kusoma gazetini. Kila nyumba ina kisa chake. Ukiendelea kupanda mlima unafika Amani, mahali ambapo watafiti wa malaria wa Afrika Mashariki nzima waliweka makao yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Jioni tukakaa barazani, chai ya hiliki mezani. Shemeji mtarajiwa, niseme ukweli, si mtu mbaya. Ni mhasibu, mpole, anampenda mdogo wangu na haoni aibu kuonyesha. Hoja yake aliitoa kwa heshima zote.

"Dada, mimi simkatazi kusoma. Ila siku hizi kipimo cha malaria ni kijiti. Tone la damu, dakika kumi na tano au ishirini, mistari miwili, umemaliza. Hata mhudumu wa kijijini anaweza. Sasa shahada ya nini?"

Nikamtazama mdogo wangu. Nilitegemea machozi. Badala yake akauliza, "Wewe kazini ukiletewa hesabu, unasaini tu kwa sababu jumla inaonekana nzuri?"

"Hapana. Nataka risiti."

"Basi na mimi ndiyo kazi yangu hiyo."

Akaanza kueleza, na mimi nikatoa kalamu. Kile kijiti, alisema, kinatafuta protini inayoachwa na kimelea. Mgonjwa anaweza kuwa ameshapona, kimelea hakipo, lakini protini ikabaki kwenye damu kwa wiki kadhaa na mstari wa pili ukatokea. Tena kijiti hakikuambii vimelea ni vingi kiasi gani. Ukitaka kujua hayo unarudi kwenye hadubini: tone nene na tone jembamba la damu kwenye kioo, rangi ya Giemsa, halafu jicho la mtu. Kabla ya kuandika kwamba mgonjwa hana malaria, unatakiwa uwe umepitia sehemu zisizopungua 100 za kioo hicho. Ukiona vimelea, unavihesabu huku ukihesabu chembe nyeupe za damu mpaka 200. Kwenye tafiti kubwa kioo kimoja kinasomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua mwenzake kaandika nini. Wakitofautiana anaitwa wa tatu.

"Na hiyo ni malaria tu," akasema. "Bado damu ya kuongezewa wagonjwa, bado bakteria na dawa zinazowashinda, bado saratani. Tena sasa hivi mashine inanipa namba. Nataka kujua lini namba hiyo inanidanganya."

Jamani, mimi nimesoma mawasiliano chuo kikuu, na sikuwahi kusikia elimu ikielezwa vizuri namna hiyo.

Kisha akatupa hesabu iliyomnyamazisha mhasibu. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukanda wetu huu. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa hali zao mbaya na wanatibiwa malaria. Waliokutwa na vimelea katika damu walikuwa 2,062 tu, asilimia 46. Na wale wasiokuwa na vimelea ndio waliokufa zaidi: asilimia 12, dhidi ya asilimia 7 ya waliokuwa navyo. Yaani mtu anatibiwa malaria huku kinachomuua ni kitu kingine.

"Hao ni watu wa kwetu," mdogo wangu akasema. "Wewe unaita kupima mikojo."

Shemeji akanyamaza. Lakini usidhani mambo yaliishia hapo, kwa sababu mdogo wangu alikuwa na la pili, na hilo hakuwa amemwambia mtu.

Akiwa kwenye stashahada walijipima wenyewe kwa wenyewe wakati wa mafunzo. Akagundua kwamba ana vinasaba vya selimundu. Si mgonjwa, ni mbebaji. Ndiyo hali aliyoifafanua Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, mwaka 1954: mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana vinasaba hivyo vimeenea sana nchi zenye malaria kama yetu. Tatizo huja wabebaji wawili wakioana. Kila mimba inakuwa na uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Inakadiriwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hiyo kila mwaka.

"Wewe umeshapima?" akamuuliza mchumba wake.

Hakuwa amepima. Ukumbi walishaangalia, mshereheshaji walishazungumza naye, rangi za sare zilishabishaniwa mpaka watu wakanuniana. Kipimo hicho hakuna aliyekitaja, si yeye, si wazee, wala si mimi ninayejiita mjuzi wa mambo ya ndoa.

Wiki iliyofuata shemeji alikwenda kupima. Tena si kile kipimo cha awali tu, ambacho hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa, bali kile kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme. Majibu? Siyajui. Nilipouliza, mdogo wangu alinijibu kwa upole uliokuwa na mlango umefungwa ndani yake: "Dada, majibu ni ya aliyepimwa." Hilo nalo amefundishwa.

Ninachojua ni hiki. Posa haikurudishwa. Ndoa ilisogezwa mpaka amalize mwaka wa kwanza wa shahada. Wawili hao walikaa na daftari wakapiga hesabu ya ada, chumba na nauli, kwa sababu mkopo wa Bodi unaweza kupata na unaweza kukosa. Mama akatoa fedha za hiliki za msimu ule. Shemeji akaweka fungu lake bila kuombwa.

Mpenzi msomaji, kuna wengi wenu mko kwenye njia panda kama hii, awe ni yeye anayetaka kurudi shule au ni wewe. Nawaomba mambo mawili tu. Kabla hujauliza shahada hiyo itachukua miaka mingapi, muulize mwenzako kazi yake ni nini hasa, kisha kaa kimya umsikilize mpaka amalize. Na kabla hamjalipia ukumbi, nendeni maabara wawili, mpime selimundu, mpime na mengine. Mtakayemkuta nyuma ya kile kidirisha anachukua damu yenu, msalimieni vizuri. Msimuulize atakuwa daktari lini.